Ukiulizwa Hali, Sema Hali

Kila asubuhi saa moja, kiti cha Mzee Idarus kilikuwa kikikwama pale pale.

Ni pale kwenye mchanga, hatua thelathini kutoka mlangoni kwao, mtaani Junda. Mzee Idarus hatembei kwa miguu. Hutumia kiti cha magurudumu. Kazi yake ni kushona viatu vya ngozi kwenye karakana moja kule Bombolulu, na lazima afike barabarani. Magurudumu madogo ya mbele yakishazama, basi. Yeye asukume kwa mikono, binti yake Ruwaida asukume kwa nyuma.

Na jirani akipita hakosi kuuliza.

"Mzee Idarus, hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillah. Salama kabisa."

Salama gani? Gurudumu limezama, jasho linamtoka na bega linamuuma. Lakini ndivyo watu wa kwao walivyo. Ukiulizwa hali, unajibu njema kwanza. Hata nyumba ikiungua unajibu njema kwanza, halafu ndio unasema, "Ila kule jikoni kuna moto kidogo."

Ruwaida amelelewa hivyo hivyo.

Ana miaka ishirini na moja. Yuko chuoni, anasomea kutengeneza vifaa vya watu wenye ulemavu. Kozi hiyo aliichagua kwa sababu ya kile kiti. Mwaka jana chuo kilimteua kwenda kusoma muhula mmoja Uholanzi kwa ufadhili. Darasa zima, yeye peke yake! Mama yake, Bi Mwanaima, huuza mahamri barazani. Wiki ile kila mteja alipata habari kwanza, mahamri baadaye. Wengine waliisikia mara tatu.

Ruwaida akaenda.

Kule, kila Ijumaa mwalimu alipita mezani kwake na kumuuliza kazi inaendeleaje. Ruwaida aliinamisha macho kwa heshima na kujibu vizuri, ahsante. Mwalimu akaridhika, akaenda meza nyingine. Ruwaida akabaki anasubiri aulizwe tena. Kwao, swali la kwanza ni salamu. Swali la pili ndilo la kweli.

Mwalimu huyu hakuwa na swali la pili.

Na shida ilikuwepo. Kila mwanafunzi alitakiwa achore kifaa kimoja kwa kompyuta, na hiyo programu ya kuchorea Ruwaida hakuwahi kuigusa. Kwao walichora kwa penseli na rula. Alikaa mbele ya kompyuta wiki sita, akibonyeza huku na kule.

Wiki ya sita mwalimu akafungua kazi yake. Tupu. Hakukasirika, alishangaa tu. Akamwambia kuwa baada ya wiki tatu kila mtu ataonyesha mchoro wake mbele ya darasa. Asiye na mchoro atafeli, na ufadhili wake utakatwa. Yaani Ruwaida angerudi nyumbani kabla ya muhula kwisha.

Jioni ile mama yake akapiga simu ya video.

"Wala vizuri, mwanangu?"

"Nala, mama."

"Na masomo?"

"Salama, mama."

Bi Mwanaima akageuza simu ili jirani yake Kafedha naye amwone mtoto aliyeko Ulaya. Ruwaida akacheka kwa meno yote. Simu ilipokatika akalia.

Sasa, jikoni pale chuoni kulikuwa na mama mmoja Mkenya, Margret, mzaliwa wa Voi. Alikuwa ameishi Uholanzi miaka kumi na minne. Kesho yake aliona macho mekundu ya Ruwaida, akamwita, akamwekea sahani ya wali na maharagwe.

"Karibu ule."

"Ahsante, nimeshiba."

Margret akaichukua sahani, akaiweka mbali. Macho ya Ruwaida yakaifuata sahani mpaka ilipotua. Margret akacheka mpaka akashika meza.

"Umeona? Mimi najua una njaa. Tungekuwa nyumbani ningekubembeleza mara tatu. Lakini huku ukisema umeshiba, umeshiba. Si roho mbaya. Wanakuheshimu kwa kuamini ulilosema."

Akairudisha sahani. Ruwaida akala, na huku anakula akamweleza yote. Alisema kumwambia mwalimu kuwa hajui ni aibu. Angeonekana mjinga, na yeye alikuwa amebeba jina la Junda nzima.

"Wacha nikuambie," Margret akasema. "Mwalimu yuko pale kwa ajili ya wasiojua. Wanaojua wana haja gani naye? Ukiulizwa hali, sema hali. Na usiseme 'nina shida' ukanyamaza. Mwambie ni kitu gani hukijui, umejaribu nini, na unataka usaidiwe vipi."

Akamweleza pia kuwa chuo kina ofisi ya kusaidia wanafunzi wa kigeni, na mtu anafaa kuijua tangu wiki ya kwanza. Alikuwa ameona vijana wengi wakirudi kwao na masanduku kabla ya wakati. Akili walikuwa nayo. Walikosa kusema tu.

Wakafanya mazoezi pale pale jikoni, Margret akiwa mwalimu na mwiko mkononi. Ruwaida akaanza kwa habari za asubuhi, habari za kazi, habari za nyumbani. Margret akagonga sufuria kwa mwiko.

"Mwalimu ameshaenda zake. Anza tena."

Saa nane mchana Ruwaida alibisha mlango wa mwalimu. Safari hii hakuinamisha macho.

"Sijui kutumia programu ya kuchorea. Nimejaribu peke yangu wiki sita. Naomba mtu wa kunifundisha."

Mwalimu akamuuliza mbona hakusema mapema.

"Nilikuwa nasubiri uniulize tena."

Mwalimu akaandika kitu kwenye daftari lake. Alisema kuanzia siku hiyo, wageni atawauliza mara mbili. Akamwomba mwanafunzi mwenzake, Malak, amfundishe kila alasiri.

Hapo ndipo Ruwaida alipoanza kung'aa. Wenzake walikuwa wamechora viti vya kutembelea kwenye sakafu laini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusukuma kiti mchangani. Yeye alikuwa amesukuma maisha yake yote! Akachora gurudumu la mbele pana, kama la wilbaro ndogo, lisilozama. Siku ya kuonyesha kazi, mtu akamuuliza litadumu miaka mingapi.

"Sijui," alisema. "Bado sijalijaribu. Nikifika kwetu nitalijaribu."

Alifaulu, na mchoro wake ukatundikwa ukutani.

Jioni hiyo alimpigia mama yake na kumwambia ukweli wote. Bi Mwanaima akasema, "Nilijua, mwanangu. Meno yalicheka, macho hayakucheka. Niliogopa kukufedhehesha mbele ya Kafedha."

Tangu siku hiyo wakawa wanaulizana mara mbili.

Ruwaida aliporudi, mafundi wa karakana walilitengeneza lile gurudumu na kulifunga kwenye kiti cha mzee badala ya yale madogo. Mzee Idarus akavuka mchanga peke yake. Lakini bega bado lilimuuma, basi Ruwaida akampeleka zahanati, Kisauni. Daktari akamuuliza mzee hajambo.

"Sijambo, salama kabisa."

Ruwaida hakumsemea. Alimtazama tu. Mzee Idarus akatazama sakafu, akamtazama binti yake, akakohoa.

"Niwie radhi, daktari. Si salama. Bega hili la kulia lina mwaka. Nimelikanda kwa mafuta ya nazi, wapi. Nyundo siishiki vizuri. Naomba unipime."

Alipimwa, akapewa dawa na mazoezi ya kufanya kila siku. Baada ya miezi miwili nyundo ilirudi mkononi.

Asubuhi moja yuko njiani kwenda kazini, kiti kinateleza juu ya mchanga, jirani akapita.

"Mzee Idarus, hujambo?"

"Bega lauma kidogo, si kama zamani. Kiti hakizami. Na gurudumu hili amelibuni binti yangu." Akasimamisha kiti katikati ya mchanga. "Hebu niulize tena."

Na jirani, wallahi, akauliza tena.