Vidonge Chini ya Mgomba

Kila asubuhi kabla ya shule, Aika alimkatia ng'ombe majani, akanywa uji, kisha Bibi Elisifa akampa vidonge vyake. Magoti yaliyomtesa hata akashindwa kupanda vilima vya Kilema sasa yalikuwa yametulia. Amepona, au ndivyo alivyojiambia.

Taabu ilikuwa mashavu. Dawa iliyavimbisha, na darasani Denis akambatiza jina la Andazi. Basi Aika, kwa ujanja wake wa sungura, akawa anabana vidonge chini ya ulimi, akitoka nje anavifukia shinani mwa mgomba.

Magoti hayakudanganyika. Asubuhi moja alishindwa kabisa kuinuka kitandani. Baba yake, Eliamini, akambeba, wakateremka hospitali mjini Moshi.

"Dawa anameza?" aliuliza Daktari Hilaria.

"Mama yangu ndiye humpa," Baba alijibu kwa hasira. "Naona uzee umemzidi, anasahau. Aika atahamia kwa shangazi yake Mabogini."

Aika aliumia moyoni. Bibi aliyemkanda magoti usiku kucha, leo alaumiwe na kunyang'anywa mjukuu! Akaangua kilio.

"Baba, si Bibi! Nilivitupa mimi!"

Daktari hakumkaripia. "Kikulacho ki nguoni mwako, Aika. Kinga ya mwili wako inashambulia viungo vyako wenyewe, na dawa ndiyo huituliza. Maumivu yakiisha, ujue dawa inafanya kazi, si kwamba ugonjwa umekwisha. Tena kuiacha ghafla ni hatari. Mashavu yakikukera, niambie. Mimi ndiye nitakayepunguza dozi, pole pole."

Aika alilazwa, akarudishiwa dawa, na baada ya siku chache akatembea mwenyewe. Loo, raha iliyoje!

Walipofika nyumbani, Aika alichuma jani la isale kwenye uzio, akalipiga fundo, akampelekea Bibi kwa mikono miwili. Kwa Wachagga, ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe.

"Shikamoo, Bibi. Nilikudanganya. Vidonge nilivifukia mgombani, sababu ya mashavu. Nisamehe."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nyuma ya Aika alisimama Baba, naye kashika jani lake. "Na mimi, Mama. Nilikudhania vibaya."

Bibi alicheka huku machozi yakimtoka. "Leo mtaumaliza uzio wangu! Nimewasamehe wote. Lakini sikiliza, Aika. Isale ni la kumwomba binadamu. Magoti hayapokei isale, yanataka dawa kila siku, uumwe usiumwe. Na dawa ikikusumbua, sema. Usifiche."