Diski ya Kwaya ya Mlalo

Rafiki yangu Valentino, fundi kompyuta wa Lushoto, si mtu wa kutia chumvi. Aliitwa Mlalo, asikowahi kufika, kufufua kompyuta ya kwaya. Ukungu ulitia giza ofisini, na ndani alikuwamo katibu peke yake, Mama Scholastica.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Valentino akaiwasha kompyuta kwa flashi ya uokoaji, akarudisha kila kitu kutoka kwenye diski ya akiba iliyofungiwa kabatini tangu Pasaka ya mwaka jana. Katikati ya nyimbo akakuta rekodi isiyo na jina. Akaifungua. Ndani ya rekodi mlango ukalia, kisha akasikia sauti yake mwenyewe: "Shikamoo mama."

"Nani kaigusa hii diski?" akauliza.

"Ufunguo hautoki shingoni mwangu."

Rekodi ikaendelea. "Marahaba mwanangu," ikaitikia sauti ya mama. Halafu mwanamume, karibu kabisa na maikrofoni, naye akaitikia: "Marahaba."