Mpichi wa Mugure

Mnanichosha. Mnakula viazi vyangu, mnamaliza chai yangu, halafu mnataka niwaambie ya mpichi wa Mugure. Nitasema mara moja tu. Atakayeogopa kwenda choo baadaye, shauri yake.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na moja, huku Bahati. Nilikuwa kibarua kwenye miti ya matunda ya mzungu. Kusoma sikujua, lakini majani niliyajua. Naligeuza jani, nalisugua kwa kidole, nalinusa, kisha nasema ni wadudu au ni ukungu.

Jioni moja jua likizama, Mugure akaniita nimwangalilie mpichi nyuma ya nyumba yake. Huyu alikuwa mke wa kwanza wa Mburu. Miaka tisa bila mtoto. Mke mwenzake, Wamuyu, alikaa nyumba ya pili, hatua kumi kutoka kwa huo mti. Alikuwa na mtoto wa miezi mitano, Waithaka, na mtoto alikuwa anaisha tu. Hanyonyi. Mikono kama njiti za kiberiti. Watu walishaanza kumwongelea kwa sauti ya chini.

"Mama Nyakio, uniokolee huu mti," Mugure akasema. "Ukikauka, nimekwisha." Akashika tumbo. Lilikuwa limeanza kuonekana.

"Hongera. Kumbe Mburu amekumbuka njia ya kwako?"

Hakucheka.

Majani yalikuwa yamevimba na kujikunja, mekundu kama ufizi. Ugonjwa wa kawaida, unakuja na mvua ya baridi. Nikataka kumwambia anyunyize mrututu na chokaa, ile dawa ya buluu ya mzungu.

Nikachuma jani moja.

Kwa Wamuyu, mtoto akalia.

Nikachuma la pili. Akalia.

Imetukia tu, nikajiambia. Nikashika la tatu, nikalipasua polepole... Kilio kikapanda polepole. Nikaacha katikati.

Kikakatika katikati.

Nikanusa vidole. Maziwa. Si ya ng'ombe.

"Mugure," nikanong'ona, "wewe ndiye ulimzalisha Wamuyu. Kondo la nyuma ulilizika wapi?"

Kwetu kondo hufungwa kwa nyasi na kuzikwa mahali ambapo hapajawahi kulimwa, ili mtu asile kitu kilichomea juu yake. Hata mjinga anajua.

Mugure akaangalia chini. Chini ya mpichi.

"Nilikula matunda saba," akasema. "Nilitaka mtoto wangu pia. Sikujua mti utamnyonya yule."

"Sasa unajua."

"Nikilitoa... wangu atakaa?"

"Mimi ni mtu wa majani. Sijui."

Mtoto akalia tena kule ndani.

Hakuna aliyekuwa amegusa jani.

Mugure akapiga magoti, akachimba kwa mikono yake. Alipofika kiwikoni akaligusa. Mizizi ilikuwa imelikumbatia kama vidole. Miezi mitano udongoni, na lilikuwa bichi. Lilikuwa na joto. Akavuta. Mzizi wa mwisho ulipokatika, kitu kikavuta pumzi... haaa...

Si mimi. Si Mugure.

Kwa Wamuyu, kimya. Nikasema moyoni, basi, ameenda. Halafu nikamsikia mama yake akipiga kelele, "Ameshika! Ameshika titi!"

Mpaka leo siwezi kuwaeleza yote. Mpichi wa jirani yetu Kipketer uliugua ugonjwa huo huo mvua hiyo hiyo, na watoto wake walikuwa wanono kama nguruwe wa mzungu.

Tukalipeleka kondo porini, ng'ambo ya shamba. Mugure alilibeba mwenyewe. Njiani nikamwona anatembea vibaya, ameachanisha miguu. Damu ilikuwa imefika kwenye vifundo. Alilizika vizuri, akaweka nyasi, akakanyaga udongo. Kisha akaenda nyuma ya kichaka, akachuchumaa huko kwa muda mrefu.

Alipotoka alikuwa ameshika leso yake imefungwa fundo. Kitu kidogo, kama ngumi.

"Chimba shimo lingine, Mama Nyakio," akasema.

Nikachimba. Hakupata mwingine tena.