Shemeji Kapangwa Beki

"Hivi wewe, wenzako Jumapili wanatoka kusali, wewe unatoka kutazama timu mbovu vile. Unatafuta nini pale?" jirani aliwahi kumuuliza.

Upupu alicheka, akaingia ndani.

Alikuwa akitafuta wezi.

Timu ile ilikuwa mali ya Bwana Manukato, mtu wa kunukia nje na kuoza ndani, aliyewauzia wageni wa ng'ambo dawa za hospitali. Kiungo alijipanga mwenyewe, na tumbo lile. Beki wa kati alimpanga kaka wa mkewe, ambaye mpira ukimfikia aligeukia goli lake kama mtoto aliyepotezana na mama sokoni. Kumtoa hakuthubutu. Nyumbani angelala wapi?

Sasa ilikuwa Jumatatu mchana. Sanduku la chanjo lililoibwa hospitalini lilikuwa ndani ya ghala la barafu la Manukato, likingoja kuvushwa mpaka, na Upupu alikuwa nje akilivizia. Huko wodini, dada yake Upupu, muuguzi, alikuwa na benchi zima la akina mama, watoto mapajani. Surua imeshabisha hodi mtaani, naye hana cha kuwachoma.

Simu ililia. Mkuu wake wa polisi.

"Rudi mpakani. Tutawangoja huko."

"Tupaki basi, mkuu?"

"Upupu, usinitanie."

"Mpakani watatuletea magari matano, sanduku hatulijui liko lipi. Nawakabia juu, golini kwao."

"Na wakipiga mpira mrefu? Nyuma yako hakuna mtu."

"Hawatapata nafasi ya kuinua kichwa."

Akakata. Akabonyeza redio ya Motorola kwenye kola.

"Winga wa kulia?"

"Nipo," Nyundo alijibu. "Lori limeziba geti. Askari wamejificha ndani yake."

"Kushoto?"

"Land Cruiser iko mlangoni," alisema Kipanga, mwanamke asiye na haraka. "Nachokonoa meno."

"Risasi moja ikipiga sanduku, chanjo kwisha. Zibeni njia za pasi tu. Mmoja mwacheni huru. Mnamjua."

"Maskini, Mungu amsaidie," alisema Kipanga.

Upupu akaingia kwa mlango wa mbele, mikono mitupu, Glock kiunoni.

Hakukimbia. Anayekaba kwa pupa hupitwa. Alitembea akimziba Manukato upande wa gari lake.

Manukato akamsukumia dereva sanduku. Dereva akatoka kulia, akaliona lori, akarudi. Akampa mpagazi. Mpagazi akachungulia kushoto, akamwona Kipanga, akalirudisha kama kaa la moto.

Wanaume watatu, bastola tatu, na hakuna aliyetaka kubaki na sanduku.

"Shemeji, chukua," Manukato alifoka. "Toka nyuma."

Shemeji alisimama kwenye chumba cha barafu, peke yake, huru kama mbuzi asiyejua kesho kuna karamu. Akalipokea akiwa ameelekea ukutani.

Ishara ndiyo hiyo. Mpira kwa mbovu, mgongo umegeuka.

"Sasa."

Askari wakamwagika, wakawalaza dereva na mpagazi sakafuni. Nyundo akamvaa Shemeji kulia, Kipanga kushoto, Upupu katikati. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Hata kuku angetoka. Shemeji akageuka, akaona watu, akafanya alichofanya kila Jumapili.

Akampa adui.

"Pokea wewe," alisema, akimsukumia Upupu sanduku kifuani. "Mimi nimeambiwa nisikae nalo."

Pingu zikalia. Manukato alikuwa magotini, jasho limeshinda marashi.

"Mjinga wewe. Si nilikwambia utoke nyuma?"

"Sasa shemeji, si unasema kila siku nikibanwa nitoe haraka?"

"Ilinipasa nikutoe kwenye timu tangu zamani."

"Kamwambie dada."

Manukato akamgeukia Upupu kwa sauti ya asali. "Ndugu yangu, sisi ni watu wazima. Taja unachotaka, tuelewane."

Upupu alikuwa akisoma kipimajoto cha sanduku. Bado baridi. Akamtazama mtu yule kama mende aliyepinduka chali, akaliweka sanduku begani, akatoka kulipeleka wodini.