Makoti Matatu ya Serikali Kuu

Saa 1:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la matairi, mjini Pueblo. Lando Archuleta alitupa makoti matatu mezani, juu ya makombo ya tamale. Mgongoni yaliandikwa: POLISI WA SERIKALI KUU.

"Hapa Colorado bangi ruksa," alisema. "Kwa Washington ni jinai. Januari wamefuta ule waraka uliowakinga wakulima. Sasa kila mwendesha mashtaka wao anaamua mwenyewe: huyu nimkamate, yule nimwache. Wakiona makoti haya watalala chini bila kuambiwa. Tunapakia bangi kavu, tunasepa."

"Na bunduki?" aliuliza Gil Trujillo.

"Ya kuonyesha tu."

Gil alipangusa viganja kwenye suruali. Shamba la bangi walilokuwa wakienda kuliibia, alilivuna miaka miwili. Mama Verna, mwenye shamba, alimpa kazi alipotoka jela, wakati hakuna mwingine aliyemtaka. Na ramani ya ghala, Gil ndiye aliyemchorea Lando.

"Mbona umepauka, mwanangu?" Lando alicheka. "Corrine, mpe kahawa huyu asije akatukojolea gari."

Corrine, dereva wao, hakucheka.

Saa 2:40.

Geti la shamba lilikuwa wazi. "Serikali kuu! Chini!" Wafanyakazi watano walijibwaga vumbini. Mmoja alianza kulia. Gil alipandisha barakoa hadi chini ya macho. Jasho lilimwingia machoni.

Mama Verna alitoka ghalani, mikono juu.

"Leseni ya jimbo iko ukutani," alisema. "Kodi tunalipa."

"Kamwambie hakimu," Lando alijibu.

Mama Verna akamtazama Gil. Hakuondoa macho.

"Gil? Ni wewe, mwanangu?"

Lando aligeuka. Mtutu nao ukageuka, ukamwelekea mama. "Kakujua."

"Bosi, ulisema ya kuonyesha tu."

"Toka mbele yangu."

Gil hakutoka. Haukuwa ushujaa. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, naye alikuwa katikati ya mtutu na mama.

Saa 2:46.

Magari manne yaliingia kwa kasi. Makoti yaleyale, lakini ya kweli. Lando alidondosha bunduki. Walifungwa pingu, yeye na Gil. Corrine alishuka garini taratibu. Hakuna aliyemgusa.

"Wewe?" Lando alifoka.

"Walinidaka mwezi uliopita. Mwendesha mashtaka akaniambia nichague. Miaka kumi, au wewe."

Kiongozi wa kikosi alikuwa akitazama mimea, safu kwa safu, hadi mwisho wa shamba. Alitoa simu. Aliongea kidogo, akasikiliza sana. Wafanyakazi walibaki kifudifudi. Hata Gil alijikuta amebana pumzi.

"Mwendesha mashtaka anasema tuchukue hawa wawili," hatimaye alisema. "Shamba tuliache."

"Mpaka lini?" aliuliza Mama Verna.

"Hakusema, mama."

Gil alisukumwa garini. Kupitia dirisha la nyuma alimwona Mama Verna amesimama palepale, mikono bado juu.