Maji Yaliyolala Ziwani

Ndugu zangu mnaoishi kando ya maji, hebu sogeeni niwasimulie yaliyompata Lorine, mama mmoja wa ufuoni, upande wa Homa Bay. Na msisikilize kama watu wanaosengenya jirani, maana huenda nikawa nawasema nyinyi.

Kila kulipopambazuka Lorine alishuka ziwani na mtungi wake. Alizaliwa papo hapo, lakini bado kila asubuhi alisimama kidogo kabla ya kuinama. Maji yalitandaa mpaka macho yakachoka, vilima vya ng'ambo vikielea kwenye ukungu, samaki wadogo wakichezacheza karibu na miguu yake. Alijiona mdogo mno, na kujiona mdogo kulimpendeza. Kisha akachota maji ya kunywa.

Pale ufuoni waliamini kwamba maji yaliyolala ni maji safi. Ulichomwaga jioni, ziwa lilikishughulikia usiku, na alfajiri ulikuta kimekwisha kupelekwa mbali. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Lorine alifulia kwenye jiwe lake, povu likaenda zake. Pampasi za mtoto wa mgongoni alizifunga kwenye mfuko akazirusha majini. Mumewe, Paul, alikuwa amekata mafunjo yote ili shamba lake la nyanya lifike ukingoni, na kila alipomaliza kunyunyizia dawa, aliisuuza pampu hapo hapo ziwani. Chupa ya dawa nayo ikafuata.

"Hili si bwawa la ng'ombe, Mama Scovia," alipenda kumwambia mkewe. "Hili ni Nam. Mimi na wewe tutalichafua na nini?"

Nam ndilo ziwa kwa Kijaluo, na Paul alilitamka neno hilo kwa heshima ya kweli. Hapo ndipo penye ajabu, wapendwa. Hawa hawakuwa watu wa kulidharau ziwa. Walilistahi hadi wakadhani haliwezi kudhurika.

Msimu mmoja upepo ukaleta magugu maji. Yalikuja yote pamoja, mabichi, na maua yake ya zambarau, yakaziba mdomo wa ghuba yao. Yalipendeza, siwezi kusema uongo. Yakabaki maji kidogo tu kati ya magugu na jiwe la kufulia, maji yasiyoingia wala kutoka. Watu waliendelea kufua jioni na kuchota alfajiri. Harufu ilipoanza kubadilika, Lorine akazidi kurauka, akidhani kosa lake ni kuchelewa.

Asubuhi moja bintiye Scovia, wa darasa la kwanza, hakuinuka. Alikuwa amehara na kutapika hadi macho yakaingia ndani. Lorine alipombana ngozi ya mkono, ilibaki imekunjika. Paul alisimamisha bodaboda, wakampakata katikati yao mpaka zahanati.

Muuguzi alikuwa mama wa Kikisii aitwaye Bosibori. Alimwekea mtoto dripu kwanza, kisha akauliza.

"Mama, huyu anakunywa maji gani?"

"Ya ziwa, sista. Lakini mimi nachota mapema sana, kabla mtu hajayagusa."

"Unachemsha? Unaweka dawa?"

"Ya asubuhi hayahitaji."

Bosibori hakumkaripia. Alitazama matone ya dripu yakishuka. "Na hapo unachota, nani anafulia hapo?"

Lorine alimtazama mtoto kitandani. "Ni mimi," akasema.

Hofu aliyoipata wakati huo hakuwahi kuipata maishani. Mtoto wake alikuwa anakufa kwa kikombe alichomnywesha yeye mwenyewe, tena kwa upendo.

Scovia hakufa. Jioni aliomba uji, na mama yake akalia mbele za watu bila kuona haya.

Siku waliyorudi nyumbani, upepo uligeuka. Magugu yakaanza kuondoka, polepole, bila sauti, nchi nzima ya kijani ikitembea juu ya maji na ndege wake wakiwa wamesimama juu yake. Watu walitoka majumbani kutazama. Nguvu iliyoyaleta ilikuwa inayachukua, na wao hawakuwa wameombwa hata msaada.

Asubuhi iliyofuata maji yalikuwa yametulia, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sakafu ya ghuba ilionekana. Kila kitu kilikuwapo. Mifuko ya pampasi imevimba na kukaa kwenye tope. Makaratasi ya sabuni. Chupa juu ya chupa, za miaka. Ziwa halikuwa limemeza chochote.

Paul aliingia mpaka kiunoni, akaibua chupa yenye kifuniko chekundu. Alikijua kifuniko hicho. Akaibua nyingine.

"Nilidhani linapeleka," akasema taratibu.

"Lipeleke wapi, Baba Scovia?" Lorine alimuuliza. "Hata huko ng'ambo kuna mama anachota."

Alimpokeza mkewe chupa, akainama tena, na majirani mmoja mmoja wakavua viatu wakaingia.

FUNZO

Wapendwa, ukubwa wa ziwa usitudanganye. Fulia kwenye beseni, mbali na ukingo, na maji ya sabuni uyamwage kwenye udongo. Pampasi zina shimo lake la taka. Pampu ya dawa isuuzwe shambani. Mafunjo yaache yaote, maana ndiyo yanayozuia uchafu wa shamba usiteremke majini. Na maji ya kunywa, hata ukiyachota kabla ya jogoo, yachemshe au uyatie dawa. Kulistaajabia ziwa ni jambo jema, nami bado nalistaajabia. Lakini Lorine alilistaajabia kila asubuhi ya maisha yake, na kidogo tu amzike mtoto.