Masharubu ya Babu Torleiv

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Eirin hufuta kioo cha simu ya video jikoni, kisha humpigia babu yake, Torleiv, kule shambani. Eirin ni kiziwi. Hajui lugha ya ishara. Husoma midomo, na midomo ya babu humtoa jasho. Mzee huketi mgongo ukielekea dirisha, uso wote giza, kiko cha tumbaku mdomoni. Na hayo masharubu! Yamefunika mdomo kama pazia.

Jumapili moja babu alisema maneno mengi. Eirin akamgeukia kaka yake, Sjur, aliyekuwa akitafuna mkate kwa jibini.

"Amesema nini?"

"Haidhuru. Nitakwambia baadaye."

Hakuna neno Eirin alilolichukia kama hilo "haidhuru". Baadaye yenyewe haikuwa ikifika. Basi akafanya alivyozoea: akatabasamu na kuitikia kwa kichwa, tena na tena.

Jumatano Sjur alimgusa bega. "Jumamosi jirani anakuja kumchukua Blesa."

Blesa ni farasi wa Eirin, anayefugwa shambani kwa babu. Alimnywesha maziwa kwa chupa tangu alipozaliwa.

"Nani kasema?"

"Si babu alikuuliza? Ukakubali mwenyewe!"

Damu ilimchemka Eirin. Akatupa kikombe sinkini, kikapasuka, akapiga simu. Hakusalimu.

"Babu, umemgawa Blesa wangu!"

Masharubu yakacheza.

"Sioni! Toa kiko! Miaka yote naongea na nywele!"

Kelele zilimleta mama mbio. Alipoelezwa, alimgeukia Sjur kwanza. "Kwa nini hukumwambia mdogo wako?"

"Nilisahau."

"Ulisahau! Yeye si mtu wa nyumba hii?"

Kisha akainama, uso kwa uso na Eirin. "Na wewe, kwa nini uliitikia?"

"Nimechoka kuuliza! Nikiuliza mnakunja uso. Wote! Hata wewe, mama."

Ilikuwa kweli, na ilimchoma mama.

"Una haki ya kukasirika," alisema. "Tumekukosea. Lakini kuitikia usichokielewa nako ni uongo, mwanangu, na uongo huo ungekukosesha Blesa. Uliza hata mara kumi. Atakayekunja uso, niambie. Nikikunja mimi, nikemee."

Eirin alipotazama simu, kiti cha babu kilikuwa kitupu. Akadhani mzee amenuna. Hakukata simu, alikaa palepale, ngumi amezikunja.

Hatimaye babu alirudi. Akaigeuza simu hadi mwanga wa dirisha ukamwangaza usoni. Kiko hakipo. Masharubu hayapo. Juu ya mdomo ngozi ilikuwa nyeupe, na wembe ulikuwa umemkata mahali pamoja.

"Nimeshamwambia jirani asije. Blesa haendi popote, mjukuu wangu."

Eirin aliliona kila neno. Lakini hasira zilikuwa bado hazijamwisha.

"Rudia."

"Blesa haendi popote."

"Rudia tena."

Babu akarudia, polepole, wala hakukunja uso.